Viroba Vinavyoongezeka

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Wamekuja. Gari jeupe, watu watatu, mmoja kavaa nguo nyeupe kuanzia kisogoni mpaka kwenye viatu kama mrina asali aliyepotelewa na mzinga. Madarasa yote yakamwagika nje kumtazama. Mwalimu Mkuu Deodata anawafukuza watoto kwa fimbo, wanarudi kama inzi kwenye ndizi mbivu.

Mimi nilikuwa kwenye tofali langu karibu na tangi la maji la shule. Kila siku nakaa pale kumsubiri Jovitha, mjukuu wangu, yuko darasa la tatu. Na kupata habari. Nyumbani habari zote zinatoka kwa mke wangu Tecla, na Tecla hunisimulia makosa yangu tu, ambayo nayajua.

Yule wa nguo nyeupe anaitwa Renatus. Kijana wa heshima. Alivua glovu kwanza, ndipo akatoa shikamoo. Ana kimashine kama bastola ya kuchezea. Anakielekeza ukutani, kinalia ti. Anakielekeza uwanjani, ti. Kwenye shimo la mchanga wanaporukia watoto kililia mfululizo mpaka akakigeuza kukitazama tumbo. Nikamwambia labda mashine ina njaa. Hakucheka.

Nikamuuliza anatafuta nini. Zebaki, mzee wangu, akasema.

Nikasema — ah.

Jumanne, 5 Novemba

Mkutano uwanjani. Pembeni mwa uwanja, niseme, maana wenyewe umezungushiwa utepe mwekundu na mweupe kama kuna arusi.

Renatus alieleza vizuri, sitaki kumsingizia. Mchanga uliosawazisha uwanja, uliopigiwa lipu madarasa mawili mapya, uliojaa kwenye shimo la kurukia, wote umetoka mwaloni. Mwalo wetu wa zamani, kule bondeni, tulikokuwa tunasaga mawe na kuosha dhahabu kabla wenye karasha, mashine za kusagia mawe, hawajahamia kwingine. Mchanga wa mwaloni umebaki na zebaki. Zebaki haiozi, haifi, haichoki. Ikipata joto inapanda hewani, huioni. Watoto wanaivuta, wanalamba vidole. Inakwenda kukaa kichwani na kwenye mishipa.

Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti tamu, hivi ni nani aliyesema tuchukue mchanga kule?

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikapunga mkono kama mbunge.

Ni mimi. Mwaka 2021 serikali ilileta mabati, tukaambiwa mchanga, mawe na maji ni juu yetu. Msaragambo, kila kaya itoe mtu. Mtoni ni mbali na mlima uko katikati. Mimi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, nikasimama nikasema: kwa nini tujitese? Mwaloni kuna mchanga uliokwisha kusagwa, uliokwisha kuoshwa, laini kama unga wa muhogo, na hauna mwenyewe. Walipiga makofi! Akina mama walipiga vigelegele! Nikapewa cheti chenye muhuri. Kipo ukutani kwangu, juu ya redio.

Na mwalo naujua. Nimekaa mle miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyekuwa nachanganya mekyuri — zebaki ndiyo hiyo — kwa mikono hii ninayoandikia. Unaimimina kwenye karai, inakamata dhahabu, unaikamua kwenye kitambaa, unaichoma kwenye kikaango. Maji yasiyolowesha. Inayobaki inaondoka na mchanga. Hakuna aliyetuambia kitu. Sisi tulikuwa tunaogopa nyoka na polisi.

Mwishoni Renatus akatangaza: kama kuna mtu alichukua mchanga ule kwa matumizi ya nyumbani aseme tu, hakuna kesi, watakuja kupima na kuuondoa wao wenyewe. Watu kama mia mbili. Hakuna aliyekohoa. Kusema ulichukua ni kusema uliiba jasho la majirani zako waliouchota kwa ajili ya shule, na majirani wenyewe wamekaa hapo wanakutazama.

Mimi pia sikukohoa.

Jumanne hiyohiyo, jioni

Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Nilichukua. Mikokoteni miwili ya ng'ombe, mchana kweupe, aliyepanga nani achote na nani asichote nilikuwa mimi. Fundi Idefonsi ndiye aliyenipigia sakafu. Simenti kidogo, mchanga mwingi. Haijawahi kushikamana vizuri, kila siku inatoa vumbi, kila siku inafagiwa.

Ni sakafu ya chumba cha kulala. Ukuta mmoja umepakana na jiko, kwa hiyo chini huwa vuguvugu. Jovitha analaza mkeka wake palepale ukutani. Anasema hapo miguu yake haipati baridi.

Mchanga uliobaki uko nyuma ya jiko. Lundo la kufika magotini.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeleta mkeka wa pili. Nimeutandika chini ya ule wa Jovitha. Nilijaribu kwanza kusema mtoto alale kitandani na bibi yake, mimi nishuke chini. Tecla akauliza nimeanza lini kuwa mwungwana. Akasema nikilala chini kiuno kitakaza, na atakayenikanda ni yeye. Basi, mikeka miwili.

Mikeka miwili! Kama zebaki ni viroboto.

Alhamisi, 14 Novemba

Kazi imeanza. Watoto wanasomea kanisani, padre ametoa ruhusa, darasa la tatu wako mbele kabisa karibu na altare. Jovitha anasema hesabu zinaingia vizuri zaidi pale. Sijui.

Sisi watu wazima tunakwangua uwanja. Kwanza unamwagia maji vumbi lisipande, halafu jembe, halafu chepe, halafu kiroba. Barakoa usoni, glovu, mabuti. Kiroba kikijaa kinafungwa na Mwalimu Deodata anakipaka namba kwa rangi nyekundu. Vinapangwa kwenye banda, vitachukuliwa na lori kwenda kufukiwa mbali, wanapojua wao. Nikamwambia Mwalimu viroba hivi serikali ingevipiga marufuku mapema kuliko vile vya pombe kali. Akanikaripia kama mwanafunzi. Nimeishia darasa la tano, bado ana haki.

Mapumziko ya chai Renatus alikaa karibu nami. Akawa hanitazami usoni, ananitazama kikombe. Akauliza mkono unatetemeka tangu lini. Nikasema tangu ndoa. Akaendelea: unasahau? Mdomoni unasikia ladha ya chuma? Unapata hasira za ghafla? Nikamwambia hilo la mwisho amuulize mke wangu, lile la kwanza sikumbuki.

Alitabasamu kidogo. Halafu akasema mtu mzima zebaki inamtetemesha, lakini mtoto inamkuta bado anajengwa.

Chai ikanishinda. Nikasingizia sukari.

Jumamosi, 16 Novemba

Tecla hajasoma. Kila akiniona na daftari anauliza kama naandika dhambi zake. Namwambia zangu hazijaisha. Leo nilimwandikia Jovitha karatasi ya vitu vya dukani: chumvi, kiberiti, sabuni ya mche. Kijana wa dukani akashindwa kuisoma. Akampa bosi wake, naye akashindwa, wakasema ni Kiarabu. Jovitha akaisoma yote bila kusita.

Tecla akacheka, akasema hati yetu ni moja, mimi na mke mwenzake Jovitha.

Nilichukua daftari la Jovitha la mwaka jana, nikalichukua la mwaka huu. Mwaka jana herufi zimekaa juu ya mstari kama ndege kwenye waya. Mwaka huu zinaning'inia. Herufi "m" ina vilima vitano.

Kumbe ni kweli. Hati yetu ni moja.

Jumapili, 17 Novemba

Misa ndefu. Watoto wa darasa la tatu wamekaa palepale mbele kama wenye nyumba.

Tulipotoka Tecla akatangaza mipango yake. Kabla ya Noeli nyumba isiribwe upya, ndani na nje, kama kila mwaka. Agness anakuja. Agness ni binti yetu, mama yake Jovitha, kaolewa kule Ngara upande wa Mabawe. Samadi ya ng'ombe ameshaomba kwa jirani. Mchanga upo, akasema, ule wako mzuri wa nyuma ya jiko. Jovitha ataukanyaga. Mtoto akarukaruka kwa furaha, kukanyaga udongo wa kusiriba ndiyo sikukuu yenyewe.

Nikasema tutaona.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimezoa lundo lote. Viroba saba. Nimevibeba kwa baiskeli, kimoja kimoja, naingilia nyuma ya vyoo vya shule, nalaza bandani na vile ambavyo bado havijapakwa namba. Ujanani niliwahi kuiba vitu viwili vitatu. Kurudisha ni kugumu zaidi! Mwizi anasaidiwa na watu kutotazama. Anayerudisha kila mtu anamsalimia.

Kwa Tecla nimesema Idefonsi kauazima mchanga. Akauliza mchanga unaazimwaje. Nikaenda kunywa maji.

Jumatano, 20 Novemba

Leo nimecheka mpaka nikakohoa, na sikutaka kucheka.

Jana jioni Mwalimu Deodata alifunga hesabu, viroba mia mbili thelathini na moja. Leo asubuhi vimefika mia mbili hamsini na nne. Renatus akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena. Mlinzi akaitwa, akanuswa mdomo. Vitu vya shule tumezoea vinapungua — madawati, chaki, mahindi ya uji. Mali ya serikali kuzaliana, hiyo ni mara ya kwanza tangu uhuru.

Mimi nilileta saba tu juzi. Hivi ishirini na tatu ni vya nani?

Mchana nikapata jibu. Niko kwenye njia ya nyuma ya vyoo, nakutana na Idefonsi na baiskeli. Nyuma kafunga mzigo, kaufunika majani ya mgomba. Idefonsi ndiye fundi wetu. Baba yake aliingia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye kazaliwa hapahapa, mimi bado namwita mgeni na yeye ananiita mzee wa mwalo. Nikamuuliza anapeleka nini. Akasema mahindi ya kusaga. Nikamwambia mashine iko upande wa pili. Akaniuliza na mimi natafuta nini huku nyuma ya vyoo. Tukatazamana. Tukakaa chini tukacheka mpaka machozi, wazee wawili kwenye majani, na baiskeli imelala na mzigo wake.

Nikamwambia kumbe na wewe uliiba. Akasema kidogo, alipigia choo.

Akafuta macho. Akasema:

"Mimi nilipigia choo. Nani analala chooni? Wewe ulipigia chumba, na mimi ndiye niliyekupigia."

Nilimsaidia kuinua baiskeli.

Ijumaa, 22 Novemba

Viroba mia tatu na tisa.

Na sasa si mchanga mtupu. Renatus alifungua kimoja, ndani kuna mabonge ya lipu. Kingine kina vipande vya sakafu. Kimoja kina kipande cha ukuta cha rangi ya bluu, na rangi hiyo kijiji kizima iko nyumba moja. Kila mtu alikijua kile kipande. Kila mtu akakitazama kama vile kimetoka mwezini.

Renatus akavua barakoa. Nilimwona ameogopa. Aliitisha mkutano palepale. Akatuomba, na alituomba kweli: tusibomoe wenyewe. Sakafu ikipigwa jembe kavu vumbi lote linapanda, siku hiyo moja ni mbaya kuliko mwaka mzima wa kuilalia. Msione aibu, akasema, niiteni, nakuja na maji na watu wangu, mtoto asiwe ndani.

Sote tukatikisa vichwa kwa masikitiko. Tukawashangaa hao watu wanaobomoa. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Jumatatu, 25 Novemba

Watoto wamepimwa mkojo. Kila mmoja kichupa na namba, siyo jina, ili asichekwe. Bure tu! Walilinganisha rangi mpaka Mwalimu akashika fimbo. Jovitha namba kumi na saba. Rafiki yake Iteka, mjukuu wa Idefonsi, kumi na nane. Wanakaa dawati moja, wanatembea wameshikana mikono kama maaskari wa zamu.

Vichupa vimepelekwa Mwanza kwenye boksi la barafu.

Jumanne, 26 Novemba

Sijui niandike vipi.

Tecla alikwenda Runazi sokoni na maharage. Jovitha alikuwa masomoni kanisani. Nikasema leo. Saa tatu mpaka saa sita ninaimaliza sakafu, naibeba, nashindilia udongo mwekundu wa kawaida, Tecla akirudi namwambia ni mchwa. Nilijua alichosema Renatus. Nilikisikia na kukitikisia kichwa. Nikamwaga ndoo moja ya maji, ikanywewa kama si kitu. Nikaanza kupiga jembe.

Nimefika nusu. Vumbi limejaa chumba, jua la dirishani limesimama ndani yake kama nguzo. Naegemea jembe nipumue. Nasikia mtu anafagia nyuma yangu.

Jovitha. Waliruhusiwa mapema. Aliniona nachoka, akachukua ufagio anisaidie. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Kope zake zilikuwa nyeupe.

Nikapiga kelele. Toka! Toka humo! Sijawahi kumpigia kelele. Akaangusha ufagio, akakimbilia migombani. Nilipomfuata alikuwa analia, akauliza amekosa nini. Nilimwosha uso, mikono, masikio, nikamwosha tena mpaka akasema namchubua. Sikumwambia amekosa nini.

Nusu iliyochimbwa nimeitandika jamvi. Tecla nimemwambia ni mchwa. Akasema mchwa gani wanakula simenti.

Jumamosi, 30 Novemba

Agness kapiga simu. Atafika tarehe ishirini. Kauliza mtoto anasoma? Nikasema anasoma mpaka hati ya babu yake. Kauliza anakula? Anakula. Kauliza kwa nini siongei sana leo. Nikasema mtandao.

Jovitha anajificha nikimtania. Namwita, anakuja, anasimama mbali kidogo.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua kubwa. Uwanja wa shule umekwisha kukwanguliwa, umebaki udongo mwekundu, unapendeza kama kidonda kilichooshwa. Viroba viko mia tatu sitini na mbili. Havijaongezeka tangu Jumatatu. Renatus anadhani ameeleweka.

Hapana. Ni mvua tu. Watu hawana njia.

Jumanne, 10 Desemba

Majibu yametoka.

Renatus aliyasoma kwa namba, wazazi wamekaa, kila mmoja kashika namba yake mkononi kama tiketi. Wengi ni kidogo. Wachache ni kati, watapewa dawa na watapona, ndivyo alivyosema. Kumi na nane, kidogo. Idefonsi akashusha pumzi, nilimsikia kutoka benchi la tatu.

Kumi na saba hakuisoma. Alikunja karatasi, akawaruhusu watu.

Walinifuata kwenye tofali langu. Yeye na Mwalimu Deodata. Mwalimu alikaa chini kwenye nyasi na gauni lake la kazi, sijawahi kumwona amekaa chini. Akasema Jovitha anakaa dawati moja na Iteka. Wamecheza shimo moja, wamekunywa tangi moja. Mmoja ana kidogo. Mwingine ana mara tano yake.

Renatus akasema, "Mzee wangu, kwa huyu si shule. Kuna kitu nyumbani."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, wameufungua wao, wameushikilia wasije wakanibana vidole. Hata lawama hawakuwa nayo usoni.

Nikasema labda mashine ina njaa.

Mwalimu Deodata aligeuza uso. Renatus akasema basi kesho saa nne watapita kutusalimia.

Idefonsi alikuwa anatazama kutoka kwenye baiskeli yake. Hakuja. Ana haki ya kusema, yeye ndiye aliyeshika mwiko. Lakini ameniachia mimi.

Jumatano, 11 Desemba

Nilimwambia Tecla kuna wageni. Sikumwambia wageni wa nini. Amekaanga karanga, ameazima vikombe viwili. Akamwambia Jovitha afagie wageni wasione aibu yetu. Nilikuwa uani. Nikausikia ufagio, chumbani, sebuleni, halafu chumbani tena. Mdomo nilikuwa nao. Niliutumia kunywa chai.

Saa nne gari likasimama. Shikamoo, marahaba, karibuni, msivue viatu. Renatus akauliza mtoto analala wapi. Tecla akaenda mbele kumwonyesha, anajisifu mikeka ni miwili, babu yake anampenda mno.

Kimashine kililia kabla hajainama.

Alifunua jamvi, akaiona ile nusu iliyochimbwa. Akatoka. Akaufunga mlango polepole, kama mlango wa mgonjwa. Akasema asiingie mtu, hata kuchukua nguo. Mtoto apelekwe hospitali ya wilaya leo, gari lao litatubeba. Sasa yeye na Mwalimu wako barabarani kwenye gari, wanatoa utepe na zile nguo nyeupe, wanapiga simu. Cheti changu kimebaki ndani.

Tuko uani watatu. Tecla kakaa kwenye kinu kilicholala. Jovitha kasimama, bado kashika ufagio, mimi nimemwambia autupe na bado kaushika, haniamini ninapomkataza. Tecla hajapiga kelele. Ningependa apige.

Aliuliza, "Baba Agness, ulijua lini?"

Nikasema ngoja nikumbuke. Nikatoa daftari mfuko wa koti kama mtu anayetafuta tarehe. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma, nikapata ukurasa mtupu, nikaanza kuandika haya. Tecla hajasoma, lakini miaka arobaini na moja amenisoma mimi. Akanitazama mkono unavyokwenda.

Akasema, "Ukimaliza hapo mpe Jovitha. Anisomee yote, tangu mwanzo."

Nimesema namalizia mstari.

Jovitha ameutupa ufagio. Anafuta mikono kwenye gauni, anafuta sana, vidole vinatetemeka kidogo, anasogea, leo kwa mara ya kwanza amenisogelea. Naandika polepole. Naandika vibaya kuliko ninavyoandika siku zote, napindisha herufi, naziangusha nje ya mstari, na najua haisaidii, hati hii hakuna mwingine anayeiweza duniani ila yeye, na amenyoosha mkono, na mstari bado